Askari Nyumbani Mwao Kambini: Picha za Chapa za Winslow Homer

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwapa habari za picha za askari. Lakini si picha za askari wakishambuliana, wala si za majemadari juu ya farasi zao, panga zimeinuliwa. Twataka kuwapa habari za askari anywaye kahawa, askari anyolewaye ndevu, askari afunguaye sanduku lililotoka kwao, na askari ahangaikaye na biskuti ngumu isiyotafunika. Tena picha hizo hazikuwa za kutundikwa katika majumba ya wakubwa. Zilipigwa chapa kwa wingi, zikauzwa kwa bei ndogo, zikaingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Huenda mtu akauliza, Kuna faida gani kumtazama askari akipika? Jawabu letu ni hili. Kijana akienda vitani, mama yake haulizi kwanza ni mlima gani uliotekwa, wala ni jemadari gani aliyeshinda. Huuliza: Mwanangu amekula? Alala wapi? Akiugua, nani amwangalia? Haya ndiyo maswali ya nyumbani, na vitabu vya historia mara nyingi havina majibu yake. Wahenga walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali hauoni uzito wake. Picha tutakazozieleza leo ziliwatwika watu wa nyumbani sehemu ndogo ya mzigo ule, wakapata kuujua uzito wake kidogo.

Mwenye kuzichora aliitwa Winslow Homer. Alizaliwa mjini Boston, katika nchi ya Marekani, tarehe 24 Februari 1836. Mama yake alikuwa mchoraji kwa rangi za maji, na twaweza kusema ya kuwa ndiye mwalimu wake wa kwanza. Homer alipopata umri wa miaka 19 hivi aliwekwa kazini katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa mjini humo, ajifunze kwa muda wa miaka 2. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kunakili picha za watu wengine, na kupamba majalada ya karatasi za muziki. Mwaka 1857, alipotimiza miaka 21, aliondoka, akaazimia asiwe tena chini ya bwana yeyote. Tangu siku hiyo alijitegemea, akiuza michoro yake kwa magazeti. Gazeti moja lililonunua michoro yake mingi ni Harper's Weekly, lililoanzishwa mjini New York mwaka ule ule wa 1857, nalo lilitoka mara moja kila juma.

Mwezi wa Aprili 1861 vita vilizuka katika Marekani, watu wa nchi moja wakipigana wao kwa wao. Majimbo ya kusini, yaliyoushikilia utumwa wa watu weusi, yalijitenga na mengine. Na serikali ya Rais Abraham Lincoln ilikataa nchi isigawanyike. Vita vile vilidumu miaka 4, hata Aprili 1865, na askari zaidi ya 600,000 walikufa. Nao waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Tafadhali likumbukeni sana neno hili la maradhi, kwa maana latuonyesha ya kuwa mambo ya jikoni, ya maji, ya nguo na ya malazi hayakuwa mambo madogo kwa askari. Humo ndimo ulimokuwamo uhai wake, na mauti yake pia.

Kamera zilikuwako katika miaka hiyo, na wenye kamera walifuatana na majeshi. Lakini kamera za siku zile zilitaka kitu kitulie kimya ndipo kipigwe picha. Mtu akienda, au moshi ukipanda, picha huharibika. Zaidi ya hayo, magazeti hayakuwa bado na njia ya kuipiga chapa picha ya kamera katika ukurasa mmoja pamoja na maneno. Kwa sababu hiyo magazeti yaliwatuma wachoraji. Mwezi wa Oktoba 1861 Homer alikwenda kwenye jeshi la kaskazini lililoitwa Jeshi la Potomac, kwa jina la mto upitao Washington, na mwaka 1862 alifuatana nalo hata Yorktown, katika jimbo la Virginia.

Kabla ya kuzieleza picha zenyewe, yafaa tueleze jinsi zilivyofanywa, kwa kuwa watu wengi huona picha gazetini wasijue kazi iliyomo. Mwenye kuujua muhuri wa karani amekwisha kujua nusu ya jambo. Palipoinuka hushika wino. Palipochimbwa hubaki peupe. Katika karne ya 18 Mwingereza mmoja, Thomas Bewick, aliyefanya kazi yake mjini Newcastle, aliistawisha sana namna moja ya kuchonga picha katika mti. Badala ya kuchonga ubavuni mwa ubao, fundi huchonga juu ya uso wa gogo lililokatwa kwa kukingama, ambapo nyuzi za mti zasimama wima. Hapo patasi nyembamba yaweza kukata mstari mwembamba kama unywele, na mti huvumilia kupigwa chapa mara nyingi sana bila ya kuharibika.

Mti uliofaa kwa kazi hiyo ni mgumu mno, nao hukua polepole sana, hata shina lake huwa jembamba. Basi kipande kimoja hakikutosha ukurasa wa gazeti. Mafundi waliviunga vipande vidogo vingi kwa bolti upande wa nyuma, wakavipaka weupe juu, na mchoraji akachora picha yake juu ya weupe ule kwa kalamu ya risasi na wino. Alichora kinyume, kwa sababu kuume kwa ubao huwa kushoto katika karatasi. Kisha bolti zilifunguliwa, vipande vikagawiwa kwa mafundi wengi. Mmoja alichonga kipande cha mbingu, mwingine cha hema, mwingine cha miguu ya farasi, wote kwa pamoja, mchana na usiku. Vilipokwisha viliungwa tena, na mistari ikasawazishwa mahali pa maungio. Baada ya hayo walitwaa sura ya ubao kwa nta, wakaifanyia bamba la shaba, na kwa bamba hilo wakapiga chapa maelfu ya karatasi. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa muda mrefu ilimalizika kwa siku chache.

Mtu akiitazama vema picha kubwa ya gazeti hilo, mara nyingine ataona mstari mweupe mwembamba, ulionyooka kabisa, ukikata katikati ya mbingu au ya hema. Hapo ndipo vipande viwili vilipokutana visipatane sawasawa. Mstari ule ni alama ya mikono ya mafundi ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa katika ukurasa. Katika miaka ya vita hivyo nakala zaidi ya 100,000 za Harper's Weekly zilitoka kila juma, na kila nakala huenda ilisomwa na watu wengi wa nyumba moja. Kwa hiyo mchoro wa mtu mmoja aliyeketi juu ya pipa kambini ulifika mbele ya macho ya watu wasio na idadi.

Sasa natuzifungue picha zenyewe.

Ya kwanza ilitoka tarehe 24 Januari 1863, nayo yaonyesha ndani ya kibanda cha askari wakati wa baridi. Katika majira ya baridi, njia zilipogeuka matope na barafu, majeshi yalikaa mahali pamoja kwa miezi. Askari walijijengea vibanda vya magogo, wakaziba nyufa kwa udongo, wakaezeka kwa turubai. Walijenga na meko pia, na mara nyingi juu ya bomba la moshi waliweka pipa lisilo na kitako, ili moshi upate kupanda. Homer atuingiza ndani ya kibanda kama hicho. Watu wamesongamana karibu na moto, wengine wamo katika vitanda vilivyopandana kama rafu za duka, wanavuta tumbako na kuongea. Hapana adui katika picha hii. Adui aliyemo ni baridi, na siku ndefu zisizo na kazi. Mke aliyeitazama karatasi hii nyumbani alipata jawabu la swali lake: Alala wapi? Alala hapa, katika kibanda chembamba, bega kwa bega na wenziwe.

Picha nyingine ilitoka tarehe 4 Januari 1862, nayo ni ya sikukuu ya Krismasi kambini. Sanduku limefika kutoka nyumbani, na askari wamelizunguka, wakitoa vitu vya kula na vya kuvaa walivyopelekewa na jamaa zao. Twaziona furaha zao, wala Homer hakuhitaji kuandika neno. Anayejua jinsi mtu aliye ugenini anavyopokea kifurushi chenye harufu ya kwao hahitaji kuelezwa.

Lakini mwezi wa Novemba 1862, tarehe 29, Homer alitoa picha ya sikukuu nyingine, ile ya kushukuru, ambayo kwa desturi watu wa Marekani huila nyumbani pamoja na wazee na watoto. Katika picha hii askari wamekusanyika mbele ya hema la mwuza duka aliyefuata jeshi. Wanakula na kunywa walichokinunua. Ukiitazama upesi utasema ni picha ya furaha. Ukiitazama polepole utaona ya kuwa mahali pa mama na meza ya nyumbani pana mfanyi biashara na bei zake. Hiyo ndiyo hekima ya mchoraji huyu: huweka jambo mbele yetu, akatuacha tuone wenyewe.

Na kwa kuwa tumetaja bei, tutaje mshahara pia. Askari wa kawaida wa jeshi la kaskazini alipata dola 13 kwa mwezi, na mara nyingi malipo yalichelewa kwa miezi kadha wa kadha. Huku nyuma watoto wake walitaka mkate na kuni. Tarehe 28 Februari 1863 Homer alitoa kurasa 2 zilizounganishwa zenye picha kadhaa za siku ya mshahara. Zaonyesha askari wakipokea fedha, zaonyesha fedha zikipelekwa kwa jamaa, na zaonyesha askari wakilivamia duka la kambini. Basi njia zote mbili za fedha zimo katika karatasi moja, na kila baba wa nyumba aliyeitazama alijua ni njia ipi iliyo yake.

Msidhani ya kuwa Homer aliwatazama askari tu. Tarehe 14 Juni 1862 alitoa kurasa zilizoitwa Habari kutoka Vitani, zenye picha ndogo nyingi. Zaonyesha jinsi habari zilivyosafiri, na jinsi zilivyopokewa. Katika moja yumo mwanamke mezani, barua i mkononi mwake, naye ameinama kwa uzito wa neno alilolisoma, kwa maana mtu wake amejeruhiwa. Hatuuoni uso wake vema, na pengine ni afadhali hivyo. Katika picha nyingine ya kurasa zile zile Homer amejichora mwenyewe akiwa kazini, ameketi na karatasi yake mbele ya askari wawili warefu mno waliosimama wachorwe. Hapana shaka wasomaji walicheka. Tena waliambiwa kwa njia hiyo ya kuwa aliyewaletea habari hizi alikuwako, akaona kwa macho yake.

Kisha tarehe 6 Septemba 1862 zilitoka picha za wanawake na vita. Wengine wanashona nguo za askari, wengine wanafua, na mmoja ameketi karibu na kitanda cha mgonjwa, akimwandikia barua. Tusipite upesi mbele ya mwanamke huyo, kwa sababu Homer alimrudia mwaka uliofuata, katika picha za namna nyingine.

Mwaka 1863 Louis Prang, mwenye kiwanda cha chapa mjini Boston, alitoa picha 6 za Homer pamoja na jalada lake, zilizoitwa Michoro ya Vitani. Hizi hazikuchongwa katika mti. Zilipigwa kwa jiwe. Kazi ya jiwe ilibuniwa katika nchi ya Ujerumani na Alois Senefelder katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, nayo yasimama juu ya jambo ambalo kila mpishi alijua, ya kuwa mafuta na maji hayapatani. Mchoraji huchora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe hulowanishwa kwa maji, kisha hupitishwa wino wenye mafuta. Palipochorwa hushika wino; palipo na maji huukataa. Ndipo karatasi hukandamizwa juu yake. Faida yake ni hii: hapana fundi kati ya mkono wa mchoraji na karatasi. Kila alama ya chaki yatokea kama alivyoiweka, laini au nzito. Homer alikuwa amejifunza kazi hii katika ujana wake, ile kazi iliyomchosha; sasa ilimfaa.

Katika picha moja askari wamekuja kuchukua kahawa, na masufuria makubwa yapo juu ya moto. Kahawa ilikuwa neema kubwa ya askari wale. Biskuti zao zilikuwa za unga na maji tu, ngumu kama kigae, na wengi walizilowesha katika kahawa ndipo zikatafunika. Katika picha nyingine askari wanapambana na ng'ombe waliyemkamata njiani, apate kuwa kitoweo; na katika nyingine askari wa farasi wamekaa chini, wanacheza karata. Lakini picha ipitayo zote, kwa maoni yetu, ni ya barua ya kupelekwa nyumbani. Askari amelala kitandani hospitalini, na mwanamke ameketi kando yake, akiandika maneno anayoambiwa. Hapana damu, hapana kilio. Twaona kalamu, karatasi, na mtu asiyeweza kushika kalamu mwenyewe. Tumesema hapo mbele ya kuwa mama huuliza, Akiugua, nani amwangalia? Picha hii ni jawabu, nayo ni jawabu lenye faraja na hofu pamoja.

Mwaka 1864 kiwanda kile kile kilitoa kadi ndogo 24 za Homer, zilizopigwa kwa rangi, zenye jina la Maisha ya Kambini. Zilikuwa ndogo za kutosha kiganja, mtu aweza kuziweka katika kitabu chake cha picha. Humo yumo kinyozi wa kambini, yumo askari aliyeimwaga kahawa yake, yumo aliyechelewa wakati wa kuitwa majina, yumo mwenye kuhangaika na biskuti ngumu, yumo aliyepata ruhusa kwenda nyumbani, na yumo msichana aliyeachwa nyuma. Nyingi zachekesha. Lakini kicheko cha askari si dalili ya raha siku zote. Mara nyingi ndiyo ngao aliyobaki nayo.

Nasi twajua ya kuwa Homer hakuyachora hayo kutoka mbali. Mwaka 1862, aliporudi kutoka Virginia, mama yake aliandika katika barua ya kuwa mwanawe alipata taabu sana, hata akakaa siku 3 bila ya chakula, na homa ya matumbo iliwaangusha watu kambini. Naye alirudi amebadilika hata rafiki zake hawakumtambua. Tazameni ajabu ya jambo hili. Mtu aliyekosa chakula siku 3 ndiye aliyechora masufuria ya kahawa. Aliona thamani yake.

Alichora na mauaji pia, ingawa mara chache. Tarehe 15 Novemba 1862 ilitoka picha yake ya askari mmoja aliyepanda mtini, bunduki yake ina darubini, anamlenga mtu asiyejua ya kuwa anatazamwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1896, Homer alieleza katika barua ya kuwa aliwahi kutazama kwa darubini ya namna hiyo kule Yorktown, naye aliona kazi ile iko karibu na uuaji wa mtu asiye na hatia kuliko kitu chochote alichokijua jeshini. Natuiweke picha hiyo kando ya ile ya kahawa. Yule anayelengwa naye huenda ameinama juu ya moto wake, anachemsha kahawa. Hatutakosa kuona ya kuwa picha moja yaipa nyingine maana.

Lakini, wasikilizaji wetu, hatutatimiza wajibu wetu tukisifu tu. Katika zile picha 6 za jiwe za mwaka 1863 imo moja ya mpishi wa kambini, mtu mweusi. Twaona anacheza ngoma, na askari weupe wanamtazama na kufurahi. Hata katika picha iliyotoka tarehe 21 Desemba 1861, ya moto wa kambi usiku, mtu mweusi aonyeshwa akicheza mbele ya askari. Mchezo si aibu, na furaha si dhambi. Kosa ni hili: askari weupe waonyeshwa wakisoma, wakila, wakingoja, wakihuzunika, mtu mweusi aonyeshwa akiwachekesha wengine. Hakuulizwa kama naye ana mama anayengoja barua. Pengine mama yake alikuwa angali mtumwa, wala hapana tarishi ambaye angempelekea barua.

Tena wakati picha ile ya mpishi ilipokuwa ikiuzwa, mambo mengine makubwa yalikuwa yakitendeka. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln alitangaza ya kuwa watumwa katika majimbo yaliyoasi ni watu huru, na watu weusi wakafunguliwa mlango wa kuingia jeshini. Hata mwisho wa vita watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa nguo za askari wa kaskazini. Nao mwanzoni hawakupewa dola 13 kama wenzao. Waliandikiwa dola 10, na katika hizo dola 3 zilikatwa kwa ajili ya nguo, basi wakabakiwa na dola 7. Wengine walikataa kupokea mshahara kabisa kuliko kupokea pungufu, na haki yao haikutolewa hata Juni 1864. Hiyo nayo ilikuwa siku ya mshahara, lakini haimo katika kurasa tulizozieleza. Asiyekuwapo na lake halipo.

Twayasema hayo kwa kuwa mchoraji mzuri huonyesha kweli anayoiona, lakini haoni yote. Kwa haki yake twapaswa kuongeza ya kuwa Homer hakubaki pale alipokuwa. Baada ya vita alichora kwa rangi watu weusi wenye heshima na fikira zao, na katika picha moja ya miaka ya 1865 na 1866 mwanamke mweusi amesimama mlangoni pa nyumba, uso wake una mawazo mengi, huku nyuma yake askari wa kaskazini wanachukuliwa mateka. Katika picha hiyo mwenye kungoja habari za vita ni yeye.

Vita vilikwisha, lakini maisha ya nyumbani ya askari hayakwisha. Tarehe 26 Agosti 1865, miezi 4 tu baada ya amani, Harper's Weekly ilitoa picha ya Homer ya mji wa Newport, mahali watu walipokwenda kupunga hewa ya bahari. Mume na mke wamo katika gari la farasi. Mume alikuwa askari, na mkono mmoja wa koti lake ni mtupu. Hatamu zimo mikononi mwa mkewe. Yeye ndiye aendeshaye. Katika desturi za watu wale wa siku zile, mwanamume ndiye aliyeshika hatamu. Basi kila aliyeitazama picha alielewa ya kuwa vita vimeingia hata ndani ya gari lile dogo, vimebadili kazi za mume na mke kwa maisha yao yote. Hapana hesabu ya vita ambayo ingeliweza kulisema jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Winslow Homer alikufa tarehe 29 Septemba 1910, kando ya bahari katika jimbo la Maine, akiwa na sifa kubwa kwa picha zake za mawimbi na wavuvi. Zile chapa za ujana wake zimehifadhiwa katika majumba ya ukumbusho na maktaba kubwa za Marekani. Kurasa za gazeti zilizotolewa zisomwe juma moja kisha zitupwe, zimedumu zaidi ya miaka 150.

Basi tumalizie kwa neno moja la faida. Mtu akikuonyesha picha ya vita, usitosheke na bendera na moshi. Tafuta sufuria iko wapi. Tafuta nani aliyeitia kuni, nani aliyefua shati, nani aliyeandika barua, na nani aliyeipokea. Kisha uliza ni nani asiyeonekana, ingawa alikuwako. Mwenye kuuliza hayo hatadanganyika upesi na picha, wala hatasahau ya kuwa kila askari alikuwa mtoto wa mtu, na aliacha kwao mahali pake pa kulia chakula.